Mguu Uliopooza Si Mguu Uliokufa

Mkoani Singida, kama ilivyo mahali pengi katika nchi yetu, iko desturi moja ambayo leo twataka kuisema wazi, ijapokuwa wako watakaoona kwamba tunaingilia mambo ya ndani ya nyumba za watu. Mtu akipatwa na kiharusi, akapooza mguu na mkono wa upande mmoja, jamaa zake humwonea huruma kubwa. Humtandikia mahali pazuri, humlisha, humwogesha, na akijaribu kuinuka humwambia, "Tulia, baba, usijisumbue." Siku zapita, miezi yapita. Mgonjwa ametulia kweli kweli, na mguu wake nao umetulia, hata hauinuki tena. Huruma ile iliyokusudiwa kumponya ndiyo iliyomfunga kitandani.

Sisi hatuwalaumu jamaa hao. Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji, na mtu anayemwogesha baba yake kila siku bila ya kunung'unika amestahili heshima. Lakini mgonjwa wa kiharusi, pamoja na uji, ahitaji kazi. Ahitaji kufanyishwa mazoezi ya mguu wake, kwa mpango, kila siku, chini ya macho ya mtu aliyesomea jambo hilo. Asipoyapata, hasara si yake peke yake. Ni hasara ya nyumba nzima, na zikihesabiwa nyumba zote, ni hasara ya mkoa na ya taifa.

Yafaa kwanza tuelewane kiharusi ni nini. Ni ugonjwa wa ubongo, si ugonjwa wa mguu. Mshipa unaopeleka damu katika sehemu fulani ya ubongo huziba kwa bonge la damu, au hupasuka na damu ikamwagika. Sehemu ile ikikosa damu, hata kwa muda mfupi tu, huanza kufa. Na kwa kuwa upande wa kulia wa ubongo ndio utawalao viungo vya kushoto, na upande wa kushoto huvitawala vya kulia, mtu huona nusu moja ya mwili wake imeacha kumtii. Mguu wenyewe hauna jeraha: mifupa yake mizima, misuli yake mizima. Kilichopotea ni amri. Mfano wake ni kijiji ambacho watu wake wangali hai na majembe wanayo mikononi, ila simu iliyokuwa ikileta habari kutoka wilayani imekatika.

Basi, je, simu hiyo yaweza kuungwa tena? Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba ubongo ukiisha kuumia hauna la kufanya. Leo yajulikana vingine. Sehemu zilizosalimika zaweza kujifunza baadhi ya kazi za sehemu zilizokufa, kama maji yaliyozibiwa mfereji yanavyotafuta njia nyingine ya kupita. Lakini liko sharti: ubongo hujifunza kazi ile unayotakiwa kuifanya, tena na tena. Anayetaka kusimama hana budi kufanya mazoezi ya kusimama. Anayetaka kutembea hana budi kufanya mazoezi ya kupiga hatua. Kuchuliwa mafuta na kukandwa kwa maji ya moto huweza kumfariji mgonjwa, wala hatuwakatazi watu kufarijiana. Lakini mguu unaokandwa na mtu mwingine huku mwenyewe amelala, haujifunzi kutembea. Na wakati nao una thamani yake. Nafuu huja upesi zaidi katika miezi 3 ya kwanza, kisha hupunguza mwendo, ijapokuwa hata baada ya mwaka mtu aweza kuongeza nguvu na wepesi akishika mazoezi.

Labda yuko msomaji atakayesema kwamba haya ni maradhi ya matajiri na ya watu wa mijini, na kwamba Singida ina shida nyingine za kuangaliwa kwanza. Na atazame hesabu. Kati ya mwaka 2003 na 2006 ulifanywa uchunguzi katika nchi yetu wenyewe, mahali pawili: wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, ambako ni mashambani, na sehemu ya mji wa Dar es Salaam. Matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba baada ya kusawazisha tofauti za umri, katika kila watu 100,000 walipatwa na kiharusi kwa mwaka watu wapatao 109 huko Hai, na wapatao 316 huko Dar es Salaam. Hesabu ile ya Dar es Salaam ni kubwa hata kuliko ya nchi nyingi za Ulaya na Marekani. Ni kweli kwamba mji ulizidi; lakini shamba nalo halikusalimika. Mkoa wetu wa Singida ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2 katika sensa ya mwaka 2022. Kila mmoja wetu na akumbuke kijiji chake, ahesabu ni nani wanaochechemea kwa upande mmoja, na ni nani aliyekuwa akionekana mnadani ambaye sasa haonekani.

Liko jambo jingine kutoka katika mahali hapo pawili ambalo lilitushangaza. Wachunguzi waliwauliza watu wanadhani kiharusi chatoka wapi, na habari zao wakazitangaza mwaka 2008. Huko Dar es Salaam wengi walikitaja kuwa ni kazi ya mashetani na ya uchawi. Huko Hai, mashambani, wengi zaidi walitaja shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba ujinga ni mali ya watu wa kijijini. Mkulima akielezwa jambo kwa lugha yake, na kwa heshima, hulielewa. Lakini kuelewa chanzo ndiyo nusu ya kwanza tu ya safari. Nusu ya pili ni kujua la kufanya mtu akiisha kupooza; na hiyo ndiyo nusu tunayoisemea leo.

Tumwazie mkulima mmoja wa alizeti, tuseme wa Ikungi au wa Iramba, mwenye umri wa miaka 55. Ana ekari zake chache, ana ng'ombe wawili wa kulimia, ana mke, na ana binti aliye kidato cha pili. Asubuhi moja aanguka shambani. Hospitali yamwokoa, hafi. Yarudi nyumbani roho yake na nusu ya mwili wake. Tangu siku hiyo mkewe hawezi kwenda shamba kutwa, kwa maana mgonjwa hageuki mwenyewe kitandani wala hafiki chooni. Binti aanza kukosa shule Jumatatu, kisha Jumanne, kisha haendi tena. Ng'ombe mmoja auzwa kwa dawa na nauli, wa pili auzwa kwa chakula. Msimu wafika na jembe la kukokotwa na ng'ombe limelala chini ya mti. Hapo ndipo tunaposema kwamba kiharusi hakikumpata mtu mmoja. Kimepata watu watatu, shamba moja na darasa moja la shule.

Sasa tumwazie mkulima huyo huyo, kwa kiharusi kile kile, lakini amefundishwa kusimama na kutembea kwa fimbo. Bado mkono wake ni mzito. Bado hawezi kushika jembe. Lakini afika chooni peke yake. Akaa chini ya mwembe akilinda alizeti isiliwe na kuku. Asimamia vibarua, afanya hesabu, ajibu salamu za wapita njia. Mkewe yuko shambani, na binti yuko darasani. Tofauti ya nyumba hizi mbili ni hatua chache za mguu mmoja. Hatusemi kwamba kila aliyepooza atatembea. Viko viharusi vizito ambavyo havina huruma, na kumdanganya mgonjwa ni dhambi. Twasema kwamba wako wengi ambao wangaliweza kutembea, nao wamelala kwa sababu hakuna aliyewaonyesha njia.

Je, njia hiyo ni ipi? Kwa siku za kwanza mgonjwa yu hospitalini, na kazi kubwa ni kuyaokoa maisha yake na kumkinga. Mtu asiyejigeuza yapasa ageuzwe kila baada ya saa 2, ili asipate vidonda vya kulala upande mmoja. Aketishwe vizuri wakati wa kula, ili chakula kisiingie mapafuni. Na yule amwinuaye asimvute hata kidogo kwa mkono ule uliopooza, maana bega lililolegea huteguka upesi. Kifundo cha mguu nacho chataka kuangaliwa tangu mwanzo. Kikiachwa, wayo huning'inia kuelekea chini na kukaza katika hali hiyo, na siku mgonjwa atakapopata nguvu ya kusimama, mguu hautakanyaga sawasawa. Samaki mkunje angali mbichi. Na kiungo nacho kinyooshwe kingali chalainika.

Lakini haraka nayo ina mpaka wake. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanyiwa Australia na nchi nyingine 4, kwa wagonjwa 2,104. Baadhi yao waliinuliwa kitandani ndani ya saa 24 za kwanza, wakafanyishwa mazoezi mengi na mara nyingi. Wengine walifuata utaratibu wa kawaida. Baada ya miezi 3 wale wa haraka hawakuwa wamewazidi wenzao. Bali walikuwa nyuma kidogo: waliopata nafuu njema miongoni mwao walikuwa 46 katika kila 100, na miongoni mwa wenzao walikuwa 50. Fundisho lake ni kwamba katika siku ile ya kwanza mgonjwa asilazimishwe kwa kishindo. Mganga aseme ni lini aanze, na mazoezi ya mwanzo yawe mafupi mafupi.

Akiisha kutulia, kazi hupanda ngazi kwa ngazi. Kwanza hujifunza kujigeuza kitandani, kisha kuketi ukingoni mwa kitanda bila ya kuegemea. Baada ya hapo huja zoezi ambalo twalipenda kuliko yote kwa sababu halihitaji chombo chochote ila kigoda imara: kuinuka kutoka kwenye kigoda na kuketi tena, miguu yote miwili ikikanyaga chini, uzito ukiegemezwa kwa makusudi upande ule dhaifu. Mgonjwa akiinuka mara 5 leo, kesho kutwa ainuke mara 8. Kigoda kikiwa kirefu mwanzoni, baadaye kipunguzwe. Halafu asimame akishika ukuta, ahamishe uzito huku na huku. Kisha apige hatua mbele, nyuma na kando, baina ya miti miwili iliyofungwa kimo cha kiuno, kama fito za zizi. Fimbo huishika kwa mkono ule wenye nguvu, wala si kwa upande ulioumia. Akipanda ngazi au kizingiti, mguu mzima hutangulia. Akishuka, mguu dhaifu ndio utangulie. Haya ni mambo madogo, lakini asiyeyajua huanguka.

Nasi tukumbuke nyumba zetu zilivyo. Tembe ina mlango mfupi na kizingiti kirefu. Choo cha shimo chataka mtu achuchumae, jambo ambalo mguu uliopooza hauliwezi. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya shimo, pamoja na nguzo moja ya kushika, ni kazi ya nusu siku kwa fundi seremala wa kijiji. Lakini humrudishia mtu mzima heshima yake. Hakuna baba wa Kinyaturu wala mama wa Kinyiramba anayependa kupelekwa chooni na mkwewe.

Kipimo cha maendeleo nacho si siri ya hospitali. Mwaka 1995 daktari Jacquelin Perry na wenzake, huko California nchini Marekani, walieleza namna ya kuwatenga wagonjwa kwa mwendo wao. Pima mita 10 za njia iliyo sawa. Anayetumia zaidi ya sekunde 25 kuzimaliza, huyo ni mtu wa ndani ya ua tu. Anayetumia kati ya sekunde 25 na 12 na nusu, aweza kufika kwa jirani na kurudi. Anayetumia pungufu ya hapo, huyo amerudi katika ulimwengu wa watu: aweza kwenda sokoni, msikitini au kanisani, na kuvuka barabara. Saa ya mkononi yatosha, au simu ya mjukuu.

Hapa tumefika kwenye hoja ambayo viongozi wetu yawapasa waisikilize kwa makini. Mara nyingi likitajwa jambo la tiba kwa mazoezi, fikira za watu hukimbilia mashine: kwamba hatuna mashine, kwamba mashine ziko Dar es Salaam au ng'ambo, na kwamba mpaka zije hatuwezi kitu. Huko Marekani, nchi isiyokosa mashine, walilijaribu jambo hili, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Waliwachukua watu 408 waliopatwa na kiharusi. Baadhi walifundishwa kutembea juu ya mkanda unaozunguka kwa umeme, huku mwili umening'inizwa kwa kamba za kupunguza uzito. Wengine walifuatwa nyumbani kwao na mtaalamu wa mazoezi tiba, akawafanyisha mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Kila mmoja alipangiwa vipindi 36. Baada ya mwaka mmoja, watu 52 katika kila 100 walikuwa wamepanda daraja katika kutembea. Na wale wa mashine hawakuwazidi wale wa nyumbani. Aidha, zaidi ya nusu ya watu wote katika uchunguzi ule walianguka angalau mara moja katika mwaka huo, jambo linaloonyesha kwamba hata kwa wataalamu mkono wa kumshika mgonjwa hauachiliwi mapema.

Habari hii ni njema sana kwa mkoa kama wetu. Yasema kwamba ua uliofagiwa, kigoda na fito mbili, akiwapo mwenye ujuzi, vyaweza kufanya kazi sawa na mashine ya thamani kubwa. Lakini msomaji aliangalie neno hilo: akiwapo mwenye ujuzi. Maana wako watakaorukia upande wa pili wakasema, "Basi vema, tuwaachie jamaa." Hilo nalo limejaribiwa. Huko India, katika hospitali 14, wagonjwa 1,250 walishirikishwa katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017. Jamaa za nusu yao walifundishwa namna ya kuwafanyisha mazoezi nyumbani. Nusu ya pili walipata huduma za kawaida tu. Baada ya miezi 6, katika kila upande, watu 47 katika kila 100 walikuwa wamekufa au wangali wakitegemea wengine. Mafunzo ya jamaa, kwa jinsi yalivyotolewa pale, hayakuleta tofauti.

Ukiziweka habari hizi mbili pamoja, sisi twaona neno moja. Kilichohitajiwa kuliko vyote si mashine, wala si huruma ya jamaa peke yake. Ni mtaalamu anayemfuata mgonjwa, anayempima, anayemwongezea zoezi moja na kumwondolea jingine, na anayerudi tena wiki ijayo. Jamaa ni mikono yake na mashahidi wake. Hawawezi kuwa badala yake.

Sasa na tuitazame Singida. Mkoa huu una zaidi ya kilomita za mraba 49,000. Zipo hospitali za Serikali, kama ile ya Rufaa ya Mkoa mjini Singida na ile ya Kiomboi. Zipo na za madhehebu ya dini, kama ya Mtakatifu Gaspar huko Itigi, ya Makiungu na ya Iambi, ambazo zimewatumikia watu wetu kwa miaka mingi. Hospitali hizi huokoa maisha. Lakini mgonjwa wa kiharusi hamalizi uponyaji wake wodini. Huruhusiwa, hupakiwa katika gari, au hufungwa mgongoni mwa mwendesha bodaboda, akarudishwa Nduguti, au Mitundu, au Rungwa kule mpakani mwa mkoa. Swali letu ni hili: wiki ya pili baada ya hapo, ni nani atakayegonga hodi nyumbani kwake ili autazame mguu ule? Kumwambia aje kliniki kila wiki ni kumwambia auze mbuzi kila wiki.

Sheria na ahadi hazikukosekana. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 26 chasema habari za kumrudishia mtu uwezo wake, na kwamba huduma hizo ziwe karibu iwezekanavyo na mahali anapoishi, hata vijijini. Mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziingize huduma za utengamao katika matibabu ya kawaida. Na mwaka huo huo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye nia ya kupata wahudumu zaidi ya 137,000 nchini kote katika miaka 5. Wala si kwamba nchi haina mahali pa kuwafundishia wataalamu. Huko Moshi, ambako hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, hufundishwa wataalamu wa mazoezi tiba. Na huko huko, tangu mwaka 1981, chuo cha TATCOT hufundisha mafundi wa viungo bandia na wa vifaa vya kuushikilia mguu na wayo.

Basi kamba zote zipo. Kinachotakiwa ni kuzifunga pamoja. Sisi twapendekeza mambo manne.

La kwanza, kila halmashauri ya Singida, inapopanga watumishi wake, imhesabu mtaalamu wa mazoezi tiba kuwa mtu wa lazima katika hospitali ya wilaya, kama inavyomhesabu mkunga, na impatie pikipiki na mafuta ya kuwafuata wagonjwa vijijini. Mtaalamu aliyefungiwa katika chumba kimoja mjini ni nusu ya mtaalamu.

La pili, wale wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii wafundishwe sehemu yao katika kazi hii: kukagua vidonda vya kulala, kupima mita 10 kwa saa, kuhesabu mazoezi yaliyofanywa, kuangalia kama vidonge vya shinikizo la damu vinamezwa kila siku, na kumpigia simu mtaalamu mambo yanapoharibika. Hawatakuwa mabingwa, wala hatutaki wajifanye mabingwa. Watakuwa macho ya bingwa.

La tatu, mafao ya bima yahesabu mazoezi tiba kuwa dawa. Ikiwa bima humlipia mtu kidonge, haina sababu ya kukataa kumlipia vipindi vya mazoezi, fimbo, au kifaa cha kuuzuia wayo usiburuzike. Fedha iliyomwokoa mtu asife itakuwa imepotea nusu yake kama mtu huyo atabaki kulala miaka 10.

La nne ni la kwetu sote. Jamaa waache kumtuliza mgonjwa. Wamsaidie afanye kazi. Kila aliyeruhusiwa kutoka hospitalini aombe kuonyeshwa mazoezi yake kabla ya kuondoka, na mtu mmoja wa nyumbani ayatende mbele ya mtaalamu mpaka ayaweze. Na kabla ya yote hayo, watu wapime shinikizo la damu, wapunguze chumvi, na wasiache vidonge kwa sababu wamejisikia vizuri, maana aliyepatwa na kiharusi mara moja yu karibu na cha pili. Uso ukipinda ghafula, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, si baada ya kumaliza dawa za mitishamba.

Wako watakaosema kwamba fedha ni chache, na kwamba ziko malaria, wazazi na watoto wachanga wa kuangaliwa kwanza. Hatudharau hoja hiyo. Fedha ni chache kweli. Lakini isidhaniwe kwamba tusipomlipa mtaalamu hatulipi kitu. Twalipa. Yule binti aliyeacha kidato cha pili amelipa. Yule mama asiyekwenda shamba amelipa. Wale ng'ombe wawili waliouzwa wamelipa. Gharama ipo tayari, ila imewekwa juu ya mabega ya wale walio dhaifu kuliko wote, nayo haiandikwi katika kitabu chochote cha hesabu. Serikali iliyo ya watu haiwezi kuiita hiyo akiba.

Tena wako watakaochoka kwa sababu kazi yenyewe ni ya polepole. Hakuna siku ya kukata utepe katika kazi ya kumfundisha mzee kuinuka kigodani. Leo atainuka mara 5, kesho 5, kesho kutwa 6. Lakini bandu bandu huisha gogo, na mwenye kujenga nchi yampasa azoee kazi zisizopigiwa makofi.

Twawataka waheshimiwa madiwani wa Singida, watakapoketi tena kuipitisha bajeti, wajiulize swali moja kabla ya kunyoosha mikono: katika kata yangu, mtu aliyepooza mguu mwezi uliopita, ni nani amekwenda kumwona? Diwani akiwa na jina la kutaja, na aendelee na shughuli zake kwa amani. Akiwa hana, basi kazi yake ya kwanza ameijua.